Njia ya Kushoto

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi asubuhi, kundi la kocha Barmasai lilikuwa njia panda kama kila siku, watu kumi na mmoja, wakifunga kamba za viatu na kuning'iniza sweta zao kwenye ua wa kioski cha Mama Chesang. Wa kumi na mbili alitokea upande wa shamba la Talam. Alikuwa Talam mwenyewe, aliyezikwa majuma sita nyuma, karibu na jiko la nyumba yake. Baridi ilikuwa kali, lakini mdomoni mwake hapakutoka mvuke.

"Umechelewa," kocha alimwambia.

"Ule ua wa shamba una miiba."

"Haya, ingia mbele. Tangu uende hawa wanakimbia kama wanaenda kuomba chumvi kwa jirani."

Jesang, mke wa Talam, alisogea kumpa nafasi ubavuni. Wakaanza.

Kazi ya Talam ilikuwa kuweka kasi. Kwa miaka tisa aliwavuta wengine kwenye mbio ndefu hadi kilomita ya thelathini, akasema "Sasa ni wewe," kisha akatoka barabarani upande wa kushoto. Alikuwa amekimbia marathoni ishirini na tatu na hakuwahi kumaliza hata moja. Ukutani jikoni, kwa mkaa ule wa kusugulia kibuyu cha maziwa, alikuwa ameandika 2:39. Ilikuwa namba ya Jesang kuifikia, si yake. Muda bora wa Jesang ulikuwa saa mbili, dakika arobaini na moja na sekunde ishirini, na haukuwa umesogea kwa miaka minne.

Lori la mbao lilimgonga Talam kwenye kona ya Kapsoo, akifanya mazoezi peke yake. Pale lami inaishia mtaroni. Mkimbiaji hana pa kuweka mguu. Njia ya wakimbiaji ilikuwa imeahidiwa miaka mitatu kabla, ikachorwa, na vigingi vyenye rangi nyekundu vikapigwa kando ya mtaro. Mbuzi walikuwa wakifungwa kwenye vigingi hivyo.

Asubuhi ile, kundi lilipofika kwenye kona, Talam alihama kushoto. Mtaro pale una kina cha mtu mzima. Miguu yake haikuingia ndani. Ilikanyaga hewani, sawasawa, kwenye kimo ambacho njia ingekuwa. Mbele yake walikuwepo wawili: mwalimu Cheboi na baiskeli yake, na Jebiwott, msichana wa darasa la nane, na mkoba wake mgongoni. Wote walikuwa wamegongwa hapo hapo. Kundi likawasalimia.

"Huko kunakanyagika vipi?" aliuliza Kibor, ambaye mdomo wake haukuchoka hata mlimani.

"Laini. Wameweka changarawe nzuri."

"Na sisi tutaingia lini?"

"Nyinyi bado. Kaza miguu."

Ikawa hivyo kila siku. Jioni Jesang aliposonga ugali, mumewe aliketi kwenye kigoda akiuangalia ule ukuta. Hakula, lakini alipenda bakuli liwe mbele yake.

Ni Mama Chesang aliyesema lile neno, akimmiminia Jesang chai. "Mweka kasi hukaa mpaka kazi iishe, mama. Siku ukiipiga ile namba, ataamka kufanya nini?"

Kuanzia hapo Jesang alipunguza mwendo. Hakupunguza sana, sekunde mbili, sekunde tatu kwa kilomita. Kocha alilaumu chakula. Talam hakulaumu kitu kwa siku nne. Siku ya tano, wakipanda kilima, alisema, "Unavuta breki."

"Nimechoka."

"Mtu aliyechoka hapumui hivyo. Nimeisikia pumzi yako miaka tisa, Jesang."

Kesho yake alivuta breki tena.

Mwezi wa tisa alikuja afisa wa barabara, kijana mpole mwenye faili, akasimama konani saa kumi na mbili na nusu. Aliwaona watatu wakipita juu ya mtaro. Akaandika: watumiaji, watatu, hali ya njia, nzuri.

"Hao wamekufa, bwana," kocha alimwambia.

Afisa aliipitia fomu mara mbili. "Hapa hawajauliza hilo. Wameuliza kama njia inatumika."

Akaisaini, akamshukuru kila mtu kwa mkono.

Marathoni ya mwezi wa kumi ilianza sokoni. Talam alikimbia hatua moja mbele ya Jesang, akimkinga upepo, ingawa sasa upepo ulimpita katikati. Kilomita moja kwa dakika tatu na sekunde arobaini na sita, na nyingine vivyo hivyo, na nyingine. Kilomita ya thelathini iliangukia kwenye kona ya Kapsoo. Saa ya Jesang ilisoma saa moja, dakika hamsini na tatu kamili.

Bado angeweza kulegea. Saa mbili na dakika arobaini na mbili ingetosha, na kesho angemkuta njia panda.

"Kesho utakuja?" aliuliza.

"Sasa ni wewe," alisema Talam, akatoka kushoto.

Jesang alikuwa na kosa moja ambalo hakuna kocha aliyeweza kulitibu. Kila mara Talam alipotoka barabarani, yeye aligeuka kumtazama. Kila mara ilimgharimu mdundo wa miguu, na hakuupata tena. Sasa alitamani kugeuka kuliko alivyowahi kutamani maji. Alisikia nyayo kwenye changarawe, zikipungua. Aliitazama lami iliyo mbele yake, akakimbia. Kwa kilomita kumi na mbili alilia bila kupunguza mwendo, na watu wa kando ya barabara walidhani ni jasho.

Alimaliza kwa saa mbili, dakika thelathini na nane na sekunde hamsini na moja. Akakaa chini kwenye nyasi, hakutaka kuvua viatu.

Baada ya saa nzima likafika gari la kuwaokota walioishia njiani. Wakashuka wakichechemea. Wa mwisho kushuka alikuwa Talam, na sweta ya mkewe begani, kama alivyofanya miaka yote. Dereva hakuwa amemhesabu, maana hakuongeza uzito.

"Ngapi?"

Akamwambia.

"Hukugeuka."

"Sikugeuka."

Alimvisha sweta, akamfunga vifungo mpaka shingoni. Walirudi nyumbani kwa miguu, polepole, na kwenye ua wa miiba hawakuagana.

Jesang alipoamka, ukuta wa jikoni ulikuwa umefutwa kwa kitambaa. Juu ya doa, kwa mkaa wa kibuyu, iliandikwa 2:36. Akacheka peke yake, akaweka chai motoni.

Jumatatu palikuwa na kibao kipya kwenye kona ya Kapsoo, kikitangaza kwamba njia ya wakimbiaji imekamilika. Vigingi vilikuwa vimeng'olewa na mbuzi wamehamishwa, mtaro ukiwa uleule. Talam alihamia kushoto, Jesang akabaki ukingoni mwa lami, na wakakimbia bega kwa bega, yeye chini kidogo, mumewe juu kidogo. Nyuma yao lori lilipiga honi. Jesang aliruka mtaroni, likapita. Talam alimsubiri mpaka akapanda tena.