Mgongo wa Ismaël Wafika China

Nyamirambo nzima iliujua mgongo wa Ismaël, fundi cherehani. Mgongo wa ajabu ule, jamani! Mwezi mzima haulalamiki. Unabeba majora ya vitenge, na harusini unacheza mpaka wenye harusi wanachoka. Lakini ifike Jumamosi ya mwisho wa mwezi, asubuhi ya umuganda, watu wote wanapotoka na majembe kuzibua mitaro, mgongo unakatika. Ismaël analala chali. Gahongayire, mkuu wa mtaa, akigonga mlango anajibiwa na mguno tu.

"Pole, mzee," husema, akaenda zake. Alijua, sana tu, lakini mgongo wa mtu utaubishia vipi? Na Ismaël aliutunza ugonjwa ule kuliko cherehani yake.

Basi binti yake Akimana, anayesoma China, akamwalika. Ismaël akatazama kalenda, akaona safari inaimeza Jumamosi ya umuganda, akafurahi mara mbili.

Jumamosi hiyohiyo Akimana akampeleka milimani, kwenye kijiji cha zamani ambako wakulima waliishi kwa ujima: jiko moja, shamba moja. Siku hizi hakuna anayeishi hivyo. Kijiji kimehifadhiwa ili wageni wakione, nyumba zake za udongo, masufuria yake mapana, majembe yake ukutani.

"Baba, nisubiri hapa, nikanunue maji."

Hajafika mbali, kipaza sauti cha juu ya nguzo kikalia. Muziki kwanza, kisha sauti ya mwanamke, kali, ya kuamrisha, kama wakulima walivyokuwa wakiitwa shambani enzi zile. Ismaël akashtuka. Jumamosi. Asubuhi. Majembe. Na langoni walinzi wawili wenye sare wanamtazama.

"Yarabi, hata huku!"

Kwao ukikutwa unazurura saa za umuganda, unasimamishwa. Huku je? Angesema mgongo unamuuma, lakini nani wa kumtafsiria? Akakunja suruali, akatungua jembe, akaingia kwenye bustani ya kabichi.

Na alilima, wallahi! Watalii wakatoa simu. Walinzi wakaja mbio wakipiga kelele, naye, akidhani wanamhimiza, akaongeza kasi. Akimana aliporudi alikuta tuta zima la kabichi za maonyesho limepinduliwa.

"Baba! Hilo jembe ni la makumbusho!"

Ismaël akatamani ardhi immeze. Lakini bibi mmoja muuza chai, mzaliwa wa kijiji hicho, alikuwa anacheka mpaka machozi. Akawasukuma walinzi kando, akatungua jembe, akashika tuta la pili. Wageni wote huja kupiga picha majembe, akamwambia Akimana. Huyu ndiye wa kwanza kuja kulima. Wakalima wawili hao mpaka mwisho wa tuta, bila neno hata moja la kuelewana, na Ismaël akaona raha. Raha yenyewe ikamtia haya.

Ila simu haina siri. Video ya watalii ilitangulia kufika Nyamirambo. Jirani aliyekuja kumpokea uwanja wa ndege wa Kanombe alimwangalia tu, akauliza, "Mzee, mgongo umepona?"

Siku za mwizi arobaini. Mgongo wa Ismaël ulikuwa umekwisha, na hana ugonjwa mwingine wa akiba.

Jumamosi ya umuganda ilipofika, Gahongayire akagonga. Safari hii hapakuwa na mguno. Mlango ukafunguka, mzee akatoka na jembe begani, macho chini.

Mtaroni akawakuta majirani wote wamesimama, majembe chini, simu juu, wanamsubiri aanze. Akamkumbuka yule bibi na wageni wake. Damu ikamchemka.

"Hapa si makumbusho!" akafoka. "Wekeni simu, mshike majembe, wavivu nyinyi!"

Simu zikashuka. Kisha Gahongayire akashika kiuno, akafumba macho, akaguna. Jirani wa kulia naye akaguna. Wa kushoto akaguna. Mtaa mzima ukashika kiuno na kuguna, mguno uleule, mrefu, wenye kukwama katikati, ambao Ismaël alidhani haujawahi kuvuka mlango wake.

"Pole sana, mzee," Gahongayire akasema. "Leo ni sisi."

Ismaël akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akashuka mtaroni peke yake, akaanza kuzibua.