Mama Ndiye Aliyesema Turudi

Mjomba wangu Bulaimu huniuliza swali moja kila anapopita hapa kwangu Kasongo. "Placide, weye unaandikia nani? Watu wote wako ku Facebook." Kisha anacheka, anakunywa chai yangu, anaondoka. Chai namwongezea hivyo hivyo.

Nina blogi. Najua neno lenyewe limekwisha chakaa. Zamani nilikuwa na wasomaji: mchimbaji wa Salamabila aliyependa kubishana, mwalimu wa Lusangi aliyenisahihisha majina ya vijito, dada mmoja aliyehamia Kindu ambaye alilia kila nilipoandika juu ya mchele mpya. Facebook ikawachukua wote. Nilijaribu kuwafuata huko. Niliweka makala ndefu juu ya karanga zinazooza Wamaza, kijijini kwa mama, kwa ubaya wa barabara. Mmoja akajibu "Amina". Mwingine akaweka tangazo la sabuni. Nikarudi kwenye blogi yangu na hasira, na hasira hiyo bado ninayo.

Msomaji aliyebaki alikuwa mama, na mama hakujua kusoma. Alipokuja kutoka Wamaza nilimsomea kwa sauti huku anapeta mchele, naye hakuchelewa kunikatiza: "Hapo umetia chumvi. Toa." Nilitoa. Tangu afe, nyumba hii imekuwa kubwa mno kwangu. Nasema wazi kwamba niko mpweke, na mtu asiniambie nifuge mbwa.

Mama yangu, Célestine, alikufa wakati wa mvua kubwa. Mdogo wangu Darlène alikuja kwa ndege kutoka Bukavu, akafikia hapa kwangu, nami nikaenda Wamaza kumchukua mama kwa pikipiki tumlete hospitali. Njiani tulikuta daraja nililovuka nikienda limekwenda na maji. Kulikuwa na njia ya kuzunguka porini, ndefu na mbaya. Tukageuza, tukamrudisha mama nyumbani kwake. Nilimtuma Amisi, mwenye pikipiki, azunguke akamchukue Darlène. Alirudi peke yake, akasema hakumkuta nyumbani. Mama akafa, tukamzika Wamaza Darlène hajafika, naye akapanda ndege kurudi Bukavu bila kuniaga. Kwenye grupu la familia la WhatsApp aliandika mara moja tu: "Mama alirudishwa." Hakutaja jina langu, hakukuwa na haja. Tangu hapo simu zangu hakuzipokea.

Kwetu mtu akizikwa, lazima mmoja wa familia asimame aeleze historia ya ugonjwa: ulianzaje, mlimpeleka wapi, mwenyewe alisema nini, ili watu wasiondoke na maneno ya kuokota. Siku ya maziko mjomba Bulaimu ndiye aliyesimama, kwa sababu mimi sikuweza kufungua kinywa. "Ugonjwa ulikuwa mufupi," akasema, "na njia ilikuwa mubaya. Tumushukuru Mungu." Akaketi. Hakuwa nasi njiani, angesema nini zaidi?

Basi niliandika mimi. Niliandika yote, tangu homa ya kwanza, na sababu ya kugeuza pia. Ile sababu ndiyo niliyotaka Darlène aijue. Wengine waamini wapendavyo, lakini yeye ndiye ndugu pekee niliyebaki naye, na sikuweza kuvumilia afikiri nilimrudisha mama kwa kuogopa njia. Nikaweka kiungo kwenye grupu, na picha ya mama juu yake, kwa kuwa nilijua simu hapokei lakini grupu analiangalia.

Mioyo ikamiminika. Mioyo myekundu, mikono ya sala, "Pole sana", "Mama wetu alikuwa muzuri". Nikafungua ukurasa unaoonyesha idadi ya wasomaji. Mmoja. Alikuwa mimi mwenyewe, nikiangalia kama picha imekaa sawa. Kesho yake binamu akaweka video ya mpira, mwingine keki ya mtoto wake, na mama akasukumwa juu hadi hakuonekana tena. Siku hiyo niliitukana simu kwa Kibangubangu, lugha ya mama, ambayo haina upungufu wa matusi.

Wakati wa kuondoa matanga ukakaribia. Mjomba akaandika kwenye grupu kwamba safari hii Placide ndiye atakayesimama kueleza ugonjwa. Jumapili baada ya misa simu yangu ikalia. Alikuwa Darlène.

"Yaya, utasema nini pale mbele ya watu?"

Hakunisalimu. Lakini aliniita yaya, kaka mkubwa, na hilo nililishika.

"Nitasema yenye niliandika. Niliweka ku grupu. Haukusoma?"

"Niliona picha."

"Na maneno?"

"Miye siwezi kusoma kifo ya mama pahali watu wanatupa mioyo. Ulituma kwa dunia yote. Miye nilikuwa nangoja uniambie na kinywa."

"Nilikuwa napiga, haukukamata."

"Leo miye ndiye napiga. Sema."

Sikuweza. Ilikuwa kama siku ya maziko. Basi nikawasha kompyuta yangu ya zamani, nikafungua ukurasa wa mama, nikaweka simu sikioni na kuanza kusoma.

Nilisoma homa. Nilisoma jinsi mama alivyokaa katikati, Amisi mbele na mimi nyuma, tumefungwa naye kwa kitenge ili asianguke. Nilisoma daraja, na Amisi akisema tukikaza tutazunguka porini tufike Kasongo. Nilisoma jinsi mama alivyonifinya goti. "Turudi," alisema. "Sitaki kufa mu pori. Darlène atanikuta kwa nyumba yangu." Nilisoma kwamba nilibishana naye na nikashindwa, kwa sababu hata homa haikumfanya mama kuwa mtoto wangu. Nilisoma hadi mwisho bila kuinua macho.

"Darlène?"

Niliangalia simu. Ilikuwa imekatika. Tangu wapi, sikujua. Labda kwenye homa, labda kwenye daraja. Labda alikata mwenyewe, na hilo ndilo nililoamini, maana mtu aliyezoea kutosomwa huamini hivyo upesi. Nikapiga tena na tena, hapatikani. Ugali ukapoa mezani. Nililia, tena kwa sauti, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumwonea haya. Kisha nikaamua: siku ya matanga mjomba aseme maneno yake mafupi, na blogi niifunge nipumzike.

Jumanne niliifungua ili niifunge. Chini ya historia ya mama palikuwa na maandishi, mahali ambapo kwa miaka hapakuwa na kitu. Darlène alikuwa ameutafuta ukurasa mwenyewe. Kwenye grupu kiungo kilikuwa kimezikwa chini ya mpira na keki, lakini huku kila neno lilikuwa limekaa pale nilipoliweka, likimngoja. Hakuweka moyo. Aliandika hivi:

"Yaya, rezo ya simu ilikatika kwenye daraja. Nimesoma yenye ilibakia, nimesoma mara mingi. Nilikuwa nasema weye ndiye ulimurudisha mama, sababu nilikuwa nataka iwe weye. Amisi alinikuta. Alinikuta kwa nyumba yako, nimefunga na sanduku yangu. Niliangalia ile pikipiki na matope yote, nikaogopa njia. Nikamuomba aseme hakunikuta. Mama alikuwa angali muzima, akiningoja. Andika na hiyo, pale karibu na maneno yake. Na siku ya matanga usisimame weye. Nitakuja Wamaza, nitasoma miye."