Kinyago Mlangoni

Wiki nzima Nereida Osorio alipigwa danadana, na aliyeanza kuupiga mpira alikuwa Bwana Tolliver.

Jiji la Hartford, huko Marekani, lilikuwa linaandaa maonyesho ya sanaa ya mtaa, ya wasanii Weusi na Walatino, ndani ya kiwanda cha zamani karibu na Park Street. Wazo zuri kabisa. Ubaya ni kwamba waandaaji walikuwa wawili, na kila mmoja alitaka chumba chake. Chumba cha kushoto kilikuwa cha Weusi, chini ya Lucius Tolliver, mchomeleaji mstaafu anayeunda ndege kwa vyuma chakavu. Cha kulia kilikuwa cha Walatino, chini ya Ivelisse Montañez, mwalimu wa uchoraji mwenye bangili nyingi na subira kidogo. Katikati palikuwa na mlango mpana usio na ubao, na watu wazima hao wawili hawakuona ajabu yoyote kuwagawa watu hivyo.

Nereida alipeleka kinyago cha vejigante, lile shetani la sikukuu linalokimbiza watu barabarani. Kwao Loíza, mji wa watu weusi huko Puerto Rico, vinyago hivyo huchongwa kwa kumbi la nazi, na yeye alifundishwa na marehemu baba yake. Hiki alikipa pembe nyingi, midomo minene, pua pana na rangi nyeusi ya kung'aa. Alikichonga akijitazama kwenye kioo, na hakuwa na nia ya kuficha.

"Kazi kali hii, dada yangu," alisema Tolliver. "Lakini chumba hiki ni cha Weusi."

"Na mimi ni nani, Bwana Tolliver? Mzungu?"

"Usinipandishie sauti. Unajua ninachosema. Nyumbani kwenu mnaongea Kihispania. Hili dude lenyewe jina lake linanivunja ulimi. Nenda kwa Ivelisse, wale ndio watu wako."

Akaenda. Ivelisse alikigeuza kinyago huku na huku kama anayechagua papai sokoni.

"Kizuri, mpenzi. Kizuri mno! Ila chumba changu kina mpangilio wake. Maua, majogoo, madirisha ya San Juan. Hiki kina Uafrika mwingi. Kwa Tolliver kitapendeza zaidi."

"Ivelisse, mimi na wewe tumezaliwa kisiwa kimoja."

"Nani amekataa? Nazungumzia kinyago, si wewe."

Nereida alikitazama kinyago, kikamtazama kwa uso wake mwenyewe. Akakifunga kwenye shuka na kurudi nyumbani.

Mama yake, Doña Providencia, alikuwa jikoni akikwangua ukoko wa wali wa mbaazi. Huyu bibi, niseme tu ukweli, alikuwa mweusi kuliko kinyago, lakini maisha yake yote aliapa kwamba wao si weusi, wao ni maji ya kunde. Hakumruhusu binti kucheza juani. Kila Jumamosi alimnyoosha nywele kwa kitana cha moto. Weusi walikuwa wale wengine, waliozaliwa hapa Marekani.

"Nilikwambia ukipake njano," alisema bila kugeuka. "Na pua ungeipunguza kidogo. Sasa hivi kingekuwa kimeshatundikwa."

"Pua ni yako, Mami."

"Ndiyo maana nakwambia. Naijua."

"Ivelisse anasema kina Uafrika mwingi."

Kijiko kikasimama. "Ivelisse huyu? Huyu anayekuja kujaza sahani hapa kila Krismasi?"

"Huyu huyu."

Doña Provi akaendelea kukwangua, kwa nguvu zaidi. "Basi kaa nyumbani, mwanangu. Usiende kujitia aibu."

Hapo ndipo palipomuuma Nereida kuliko kote. Tolliver na Ivelisse angeweza kuwatukana akalala usingizi wake. Lakini akikiacha kinyago ndani ya shuka, mama atakuwa ameshinda: itakuwa kweli kwamba uso ule, wa binti na wa mama, si uso wa kuonyeshwa watu.

"Nitakwenda," alisema. "Wakininyima ukuta, nitakivaa."

Na kweli alikivaa. Jumamosi mchana, watu walipoanza kumiminika, walimkuta vejigante amesimama katikati ya ule mlango, ndani ya vazi jekundu na njano lenye mikono mipana kama mbawa za popo. Mkononi alishika kibofu cha ng'ombe kilichokaushwa na kujazwa upepo, kama desturi inavyotaka. Aliyetoka chumba kimoja kwenda kingine, pu! la mgongo. Haiumi hata kidogo, lakini kelele zake zinaaibisha.

Wa kwanza walicheka. Waliofuata walirudi kupigwa tena. Mama mmoja wa kanisani, mwenye kofia ya manyoya, alipigwa pu! akajibu kwa mkoba wake.

"Unanijua mimi, wewe mapembe? Nimelea wavulana sita!"

Akapigwa la pili, akacheka hadi akakaa chini. Wazee wa Loíza walianza kuitikia kwa vile vibwagizo vya sikukuu, na mtu akaanza kupiga ngoma juu ya kreti. Muda si muda majogoo ya Ivelisse na ndege wa Tolliver wakabaki wanatazamana na kuta. Watu wote walikuwa mlangoni.

Tolliver alikuja amekunja uso. "Dada Nereida, unaziba njia."

Pu!

Ivelisse akaja mbio, bangili zikilia. "Nereida, mpenzi, usinifanyie hivi, mgeni rasmi amefika..."

Pu!

Mgeni rasmi, mama mmoja wa idara ya utamaduni, alikuwa amesimama nyuma yao akicheka. Akatoa kadi ya kubandika na kalamu. "Hii ndiyo kazi bora niliyoiona leo. Ni ya chumba gani?"

"Chetu!" walisema wote wawili kwa pamoja.

"Hii ni sanaa ya Weusi wa visiwani," alisema Tolliver. "Ndugu zetu wa damu."

"Damu gani tena! Huyu ni Mpuerto Rico, muulize mtu yeyote!"

Nereida akavua kinyago. Jasho lilikuwa linamtiririka.

"Juzi sikuwa wa mtu. Wewe ulinikataa kwa ulimi, wewe ukanikataa kwa sura. Leo watu wamepiga makofi, mnanigombania kama kiti cha basi. Mimi ni mweusi na ni Mpuerto Rico, na sijikati vipande ili nienee vyumbani mwenu. Sitoki hapa."

"Nakuelewa," alisema mgeni, amechanganyikiwa, "ila kwenye kadi niandike nini?"

"Andika mweusi."

Sauti ilitoka nyuma. Watu wakapisha. Doña Provi alikuwa amekuja, amevaa gauni lake la Pasaka, na alionekana kama mtu aliyebishana na nafsi yake njia nzima.

"Mami..."

"Nyamaza, naongea. Andika mweusi. Andika wa Loíza, Puerto Rico. Kadi isipotosha, leta ubao."

"Lakini Doña Provi," alisema Ivelisse kwa upole, "wewe mwenyewe siku zote husema nyinyi ni maji ya kunde."

"Nilisema. Nilikudanganya wewe, nikamdanganya na huyu, nikamchoma na nywele." Akakichukua kinyago, akakishika ubavuni mwa uso wake, shavu kwa shavu. "Haya, tazameni vizuri. Kunde gani hii?"

Hakuna aliyecheka. Ivelisse aliinamia bangili zake. Nereida alilia mbele ya watu wote, kwa furaha, na ndani ya furaha hiyo mlikuwa na hasira pia: mbona neno lile lilichukua maisha mazima kutoka?

Tolliver ndiye aliyekwenda kutafuta nyundo. Alirudi akapanda ngazi bila kuambiwa, akakiweka kinyago juu kabisa ya mlango.

"Hapa, mama?"

"Huko nani atakiona, popo?" alisema Doña Provi. "Shusha, kiweke kwenye mwimo, hapa ubavuni mwa mlango. Shusha tena. Nataka kila anayepita akutane nasi uso kwa uso."