Tangi Mbele ya Kitanda cha Baba

Baba alipopata kiharusi, mkono na ulimi vilikwenda pamoja. Yalibaki macho, na macho yenyewe yalifuata kitu kimoja tu: tangi la samaki alilolijenga mwenyewe kabla ya ugonjwa, akapanda ndani yake matumbawe madogo ya zambarau. Tulimsogezea kitanda karibu nalo, hapa nyumbani, mtaa wa Kiponda. Samaki akienda kulia, macho ya Baba yanakwenda kulia.

"Bado yumo," Mama alisema siku ile, akajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

Kwa hiyo matumbawe yalipoanza kupauka, mimi sikuliona kuwa ni jambo la mapambo.

Niliwauliza watu wawili. Mjomba Mcha, kaka yake Mama, hupeleka wageni kwa boti ya mashine kuangalia pomboo Kizimkazi, na amezamia miamba tangu ujana wake. Hamid, mtoto wa ami yangu, hutunza matangi ya samaki katika hoteli moja ya pwani ya mashariki. Walikuja mchana mmoja. Mama, kama afanyavyo kwa kila anayekuja kumtazama mgonjwa, alikwisha kufukiza udi chumbani. Mgonjwa wa kulala ana harufu zake, na Mama hakutaka mtu atoke kwetu akiwa na la kusema juu ya Baba.

"Maji yamelala haya," alisema Mjomba. "Bahari hailali. Badilisha kila asubuhi, mimi ntakuletea madumu kutoka kwetu."

"Akibadilisha kila asubuhi atawaua," alisema Hamid. "Tangi linataka kuachwa litulie. Na maji ya kuongeza, Nasima, tengeneza mwenyewe kwa chumvi ya kopo, ile inayouzwa kwa ajili ya matangi."

"Chumvi ya kopo! Sisi tuliozungukwa na bahari? Kesho utatuletea upepo wa kopo, wewe."

"Mjomba, miamba yako ina bahari nzima. Hii hapa ina maji ya kuoga mtu mmoja."

Walicheka wote wawili. Baba alikuwa akimtazama samaki wake wa rangi ya chungwa, yule mwenye mistari myeupe.

Sikuweza kuwafuata wote, kwa hiyo niliwafuata kwa zamu. Nilianza na Mjomba, kwa kuwa ni mkubwa. Matumbawe yalizidi kupauka, na juu ya maji ukatanda utando mwembamba kama wa mchuzi uliopoa. Walipokutana tena kwetu, Hamid aliugusa utando ule kwa kidole akanusa, lakini chumba kizima kilinukia udi.

"Mafuta ya mashine," alisema. "Mjomba, madumu yako ulikuwa unatilia nini?"

"Unanambia nnamuua shemeji yangu?"

"Nnasema samaki."

"Humu ndani ni kitu kimoja hicho."

Mjomba aliondoka kahawa yake ikiwa haijaguswa.

Nikashika njia ya Hamid. Masika yalikuwa yameanza, vichochoro vimejaa maji, na watu hawakuja kwetu. Matumbawe yakafunguka tena. "Nshakwambia," Hamid alinitumia sauti kwenye simu, na mimi nilimshukuru kwa dhati. Nilidhani nimelipata jibu.

Mvua zilipokatika, watu waliokuwa wamezuilika wakaja kwa wingi, wa Makunduchi, wa Mwanakwerekwe, hata tusiowajua. Chetezo cha udi hakikupoa. Samaki wakaanza kupanda juu wakihema, kisha nikawa nawatoa kwa kichujio, mmoja baada ya mwingine. Macho ya Baba yalipatafuta mahali samaki alipokuwa, yakasimama hapo muda mrefu.

Siku moja mpira wa pampu ya hewa ya tangi ulichomoka. Pampu ile hukaa sakafuni nyuma ya kitanda, pale pale Mama anapoweka chetezo ili moshi upite chini ya mashuka. Niliuvuta mpira niufute. Ndani ulikuwa wa kahawia, unanata, kama chujio la chai. Nilitoka nao mpaka uwanjani kwenye hewa safi, nikanusa. Udi.

Pampu ilikuwa ikivuta hewa ya chumbani na kuipeleka majini. Kila tulipompokea mtu kwa heshima, tuliwavutisha samaki moshi.

Nilimwambia Mama taratibu.

"Udi wangu?" aliuliza. "Udi niliomfukizia babaako tangu harusi yetu?"

"Sina hakika, Mama. Nnakwambia nilichokiona."

"Basi watu wakija wakute harufu ya mkojo? Hivyo ndivyo unavyotaka wamkumbuke?"

Niliwapigia simu Hamid na Mjomba.

Hamid alisema huenda, lakini na mafuta ya Mjomba yalichangia. Mjomba alisema udi haujapata kumuua mtu. Nilitafuta mpira mrefu, nikawa naitoa pampu mpaka ukumbini kila Mama anapowasha makaa. Hakunizuia, wala hakunitazama. Alikuwa amebaki samaki mmoja, yule wa chungwa. Matumbawe yalikuwa meupe yote. Baba alimfuata samaki yule, kwa kuchelewa kidogo, kisha kwa kuchelewa zaidi.

Baba alifariki asubuhi, Mama akimlisha uji. Wanaume walimchukua kumwosha. Sanda ilipoletwa, Mama aliomba aifukize mwenyewe. Alikaa chini nyuma ya kitanda kitupu, akapuliza makaa mpaka yakawa mekundu, akashika kipande cha udi kwa vidole viwili. Wanawake walikuwa wakimngoja. Mkono wake ulisimama juu ya chetezo.

"Nasima," aliniita.

"Naam, Mama."

"Toa pampu kwanza."

Niliitoa mpaka ukumbini, nikarudi ndani nikaurudishia mlango. Ndipo alipouweka udi kwenye makaa. Moshi ulipanda, ukapita mbele ya kioo cha tangi. Samaki alikwenda kulia, akarudi kushoto.