Mpangilio wa Orrin

Mume wangu Orrin alikufa Agosti, na theluji ya kwanza ikaanguka kabla sijazoea kuamka peke yangu. Nikarudi kazini. Tulikuwa chumba kimoja, yeye na mimi, katika ofisi ya kaunti inayoongoza magari ya kusukuma theluji, huku kaskazini mwa Minnesota. Mimi napokea simu za watu waliokwama. Yeye alikuwa akiongea na madereva.

Kiti chake alipewa Jorie, binti ambaye Orrin mwenyewe alimfundisha kazi. Hilo nililijua. Nilichokuwa sijakijua ni kwamba angekaa pale kama Orrin.

Orrin hakupenda kipanya cha kompyuta. Alikuwa akisema mkono ukishatoka kwenye kibodi, unaanza kuzurura. Alishika kitufe chenye alama ya dirisha kwa kidole, akagusa mshale wa kushoto, na ramani ya barabara ikaruka ikajaza nusu ya kushoto ya skrini. Mshale wa kulia, halafu wa juu: majina ya madereva yakajibana kwenye pembe ya juu. Kulia tena, halafu chini: hali ya hewa ikakaa chini yao. Hakuna dirisha lililofunika lingine. Alipomaliza aligonga meza kwa kifundo cha kidole, ko!, ndipo akanywa kahawa.

Asubuhi ile niliporudi nilisikia vitufe nyuma yangu, kisha ko! Nikageuka kabla sijafikiri.

Alikuwa Jorie.

Nilimwonea wivu. Mimi nimebaki na koti la Orrin, buti zake na mashua ambayo injini yake haiwaki. Huyu alikuwa na vidole vyake. Majira yote ya baridi yaliyopita walikaa bega kwa bega pale mezani, mimi nikiwa nimewapa mgongo, nikiwaambia watu waliotumbukia mtaroni wabaki ndani ya gari.

Bosi wetu, Lowell, akasimama nyuma ya Jorie na kikombe chake.

"Jamani, njooni muone skrini ya huyu binti. Kila kitu kinaonekana! Kuanzia leo wote mpange hivi. Mpangilio wa Jorie."

"Ni wa Orrin," nikasema.

"Unasemaje, Marlys?"

"Kweli, bosi, ni yeye aliyeni—" Jorie alianza, lakini dereva mmoja akaita kwenye redio, na Lowell alikuwa keshaondoka akiwatangazia wengine. Mpangilio wa Jorie, mpangilio wa Jorie. Hadi saa sita kila mtu alikuwa akiuita hivyo.

Mchana Jorie alikwenda jikoni kupasha chakula chake moto. Akaniomba nikalie kiti chake mpaka arudi. Ofisini kwetu unaweza kunywea kikombe cha mtu, hata kuvaa koti lake, lakini huvurugi madirisha yake magari yakiwa barabarani. Nilikuwa naijua sheria hiyo kuliko yeyote. Lakini kiti kilikuwa cha Orrin, na nilitaka, hata mara moja tu, ramani iruke kwa mkono wangu.

Nikashika kitufe, nikagusa mshale wa kushoto. Ramani haikusogea, maana ilikuwa tayari kushoto. Nikagusa tena, kwa nguvu. Ramani ikatoweka.

"Wee! Nani ametuziba macho?" mtu akapiga kelele.

Ramani ilikuwa imerukia kwenye skrini kubwa ya ukutani, ikafunika picha za kamera zetu za barabarani.

"Ni Marlys! Marlys anatuonyesha sinema!"

"Bisi ziko wapi sasa?"

Nikakamata kipanya. Jorie akaja mbio, uma ungali mkononi.

"Acha kipanya. Shika kitufe. Mshale wa kulia, mara moja tu. Mara moja, Marlys!"

Ramani ikarudi mahali pake. Wengine wakapiga makofi ya mzaha. Nikainuka ili nimwachie kiti, nikiomba asiniambie neno.

"Orrin naye aliirusha palepale," akasema kwa sauti ya chini.

"Lini?"

"Siku ya kwanza alipojaribu. Lowell alipokuja, Orrin akamwambia ameiweka ukutani makusudi, wote waione vizuri. Lowell akamshukuru!"

"Mimi hakuniambia."

"Aliona haya. Alisema ukijua utamcheka mpaka barafu ya ziwani iyeyuke."

Ningemcheka kweli. Na kicheko hicho nilikuwa nimenyimwa, akapewa huyu. Wivu ulinirudia mkali kuliko wa asubuhi, kwa sababu vidole ningeweza kuviiga, lakini kisa hiki kilikuwa cha Jorie. Nilitaka kwenda mezani kwangu nimpe mgongo, kama nilivyozoea.

Lakini Orrin hatanisimulia kitu tena. Kama yapo yake ambayo siyajui, yamebaki kwa Jorie.

Nikavuta kiti cha pili, nikakiweka kando ya chake.

"Mengine?" nikauliza.

"Mengine yapi?"

"Aliyokuambia mlipokuwa mmekaa hapa."

Jorie akanitazama, akaweka uma chini.

"Kuna lile la kofia ya Lowell," akasema. "Hilo unalijua?"

"Silijui."

Akaanza kusimulia. Nilimwonea wivu kwa kila neno, na sikumkatiza.