Wahedi wa Sitini Dirishani kwa Ukasha

Mwaka ule wa korona mie nilikuwa na shida moja tu, na shida yenyewe ilikuwa Ukasha. Wenzangu walikuwa na shida za maana, sikatai. Hoteli za wageni zilifungwa, pweza wakakosa mnunuzi, shule zikafungwa, wajukuu wakanijaa uani kama kuku. Lakini ukiniuliza nilikuwa nikiamka asubuhi nawaza nini, nitakwambia namuwaza Ukasha.

Ukasha ni mwenzangu wa karata. Tunacheza wahedi wa sitini. Kama huujui nikueleze kidogo, sio mgumu. Watu wanne, wawili kwa wawili, na mwenzio anakaa mkabala na wewe, mnatazamana. Ree ndiyo kubwa kuliko zote, halafu saba, halafu ndiyo wanakuja wale wenye sura. Turufu inakula kila kitu. Mkikusanya sitini na moja mmeshinda. Ndiyo yote, mengine ni makelele.

Na usidhani ni mchezo wa kupotezea muda tu. Una chama. Chama cha taifa, kina katibu, kina muhuri. Kila mwaka kila tawi linatoa watu wawili, wanakwenda Dar es Salaam kucheza kwenye ukumbi wenye mafeni. Tawi letu la Mafia, tangu enzi hizo, tunakwenda mie na Ukasha. Kombe hatujaleta. Safari moja Ukasha alileta pasi ya umeme kainunua Kariakoo, na hapa kwetu Ndagoni umeme wakati ule haujafika. Akaiweka juu ya kabati, watu wakawa wanakuja kuitazama.

Basi korona ilipoingia, tukajua chama nacho kimekwisha. Mchezo wenyewe unataka watu wakae goti kwa goti, karata moja inapita mikono minne, na mtu akicheza ree lazima apige kelele, mate yanaruka. Ungeuchezaje? Lakini katibu wa chama, Bi Asmahani, mtu wa Dar, hakukubali. Alituma sauti yake kwenye simu za matawi yote, Tanga, Lindi, Kilwa, mpaka Unguja huko. Nikaletewa nisikie.

"Wazee wangu shikamooni," anasema. "Ukumbi umefungwa, chama hakijafungwa. Kila tawi litacheza kwao, nje, watu wakae mbalimbali, barakoa zivaliwe, karata zisafishwe. Mie nitakuwa mwamuzi kwa simu, nitawaona kwa video. Atakayeshinda kwenye tawi ndiye atakayecheza fainali. Na mwenye mwenzake mgonjwa, aruhusiwe kumbadilisha."

Hilo la mwisho ndilo lililonikaa kooni.

Kwa sababu Ukasha ana pumu. Na binti yake Safia anafanya kazi zahanati, anayajua mambo, basi tangu habari za ugonjwa zianze alimfungia baba yake ndani. Hatoki. Msikitini haendi, anasali chumbani. Siku za mwanzo mie nikipita njiani ananitukana dirishani, ananiita mla saba, tunacheka. Halafu akaanza kupoa. Nikipita nasema, "Ukasha! Ree ya kopa iko wapi?" Yeye anasema, "Mm." Siku nyingine hata hiyo "mm" hasemi. Safia mwenyewe akanambia chakula anarudisha.

Watu wakanishauri nimchukue Shaibu. Shaibu anacheza vizuri, simsemi vibaya. Lakini nikajua siku Ukasha akisikia mie nimekaa mkabala na mtu mwingine, huyo atajihesabu kazikwa. Nami nilitaka akae mchezoni, ndiyo haja yangu. Fainali baadaye.

Nikaenda kwa Safia.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kumwombea baba yako."

"Ami, simama hapo hapo kwenye mpapai."

"Nimesimama."

"Rudi nyuma kidogo."

"Safia, nikirudi tena nitaingia chooni kwa jirani."

Akacheka. Barakoa ilikuwa imemfunika, lakini macho yalicheka. Nikamweleza yote. Akatazama ndani, akanitazama.

"Baba hatoki," akasema. "Lakini mnaweza kuja dirishani. Yeye ndani, nyie nje, barakoa wote. Karata zake nitampokelea mie. Ila sikiliza, ami. Siku nikisikia mtu anakohoa, awe yeye awe nyie, nafunga dirisha na hapa hamrudi mpaka gonjwa liishe. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Sasa kazi ikawa karata. Katibu kasema zisafishwe. Mie nikachukua karata za tawi, nikazitia kwenye ndoo, sabuni ya unga, nikazifikicha moja moja kama dagaa. Mke wangu Mize katoka pwani na mwani wake, ananitazama.

"Kombo, hizo si karatasi?"

"Katibu kasema zisafishwe."

"Kasema uzifue?"

Nikazianika juu ya chanja yake ya mwani, juani. Jioni naziendea, zimevimba kama maandazi. Nyingine zimejikunja, ree ya uru imepinda kama kucha. Ukizipanga pamoja hazishikiki kwa mkono mmoja. Na harufu ya mwani! Mize alicheka mpaka akakaa chini. Mbaya zaidi, kila karata imepinda kivyake, sasa ukitazama mgongo tu unaijua. Huo tena mchezo gani?

Aliyetuokoa ni Sabri, na Sabri ndiye tuliyekuwa tunacheza naye. Ana duka Kilindoni, wa ukoo wa wale Waarabu wa zamani, kijana wa watu, lakini kwenye karata ana kiburi. Mwenzake ni Taufiki wa pikipiki. Kusikia habari za kufua, Sabri akachukua karata mpya dukani kwake, akazipeleka pale wanapotoa kopi za vyeti, zikapigwa leminesheni zote. Ngumu, zinang'aa, unazipangusa kwa dawa hazidhuriki.

"Mzee Kombo," ananambia, "mie nataka kukufunga, lakini sio kwa karata zinazonuka mwani. Na nataka nikufunge uko na Ukasha, wasije wakasema nimemwonea mjane."

"Mjane nani?"

"Wewe hapo."

Siku yenyewe, baada ya alasiri, tukakaa upenuni kwa Ukasha. Jamvi chini ya dirisha. Ukasha ndani, nyuma ya nondo, kavalishwa barakoa ya kanga. Mie nje mkabala naye, Sabri huku, Taufiki kule, mbalimbali kama watu waliogombana. Simu ya Sabri tukaifunga kwa kamba kwenye nguzo, Bi Asmahani yumo ndani yake, jikoni kwake Dar, nyuma sufuria inatoa mvuke. Tutacheza mikono mitatu, atakayechukua miwili ndiye wa Mafia.

Mkono wa kwanza tulipigwa vibaya. Na sababu nitakwambia. Kanuni za chama zinakataza kupeana ishara. Lakini huku kwetu, kusema kweli, ishara zinakwenda, kila mtu anajua mwenzake anazo. Za kwetu mie na Ukasha zote zilikuwa mdomoni. Ulimi shavuni, nina saba. Kuuma mdomo, sina kitu. Sasa barakoa! Naona kanga inatikisika kama gunia lenye panya, sijui kang'ata mdomo au anatafuna karanga. Nikatoa karata ya kipumbavu, Sabri akaila.

"Bi katibu umeona hiyo?" Sabri anapiga kelele kwenye simu.

"Nimeona, Sabri. Endelea, na usisogee."

Mkono wa pili karata zilikuja zenyewe, nasi tukashinda. Hapo ndipo Ukasha alipoamka. Kila akitupa karata, leminesheni inalia pa! kwenye jamvi.

"Sabri, rudi dukani ukapime sukari!"

"Mzee Ukasha, bado mkono mmoja."

"Na wewe Taufiki, hiyo karata umeikamata kama usukani, utaanguka nayo!"

Safia alikuwa mlangoni. Nilimwona anamtazama baba yake. 

Mkono wa tatu, turufu shupaza. Tumekwenda nusu, alama sawa. Zamu inanikaribia na sijui nitupe nini. Namtazama Ukasha, Ukasha ananitazama, kanga inatikisika, sielewi. Naye akaona sielewi. Basi akafanya alivyozoea tangu tuko vijana, bila kufikiri.

"Kho! Kho!"

Looh! Taufiki aliruka kiatu kimoja kikabaki. Sabri akarudi kinyumenyume akaivaa nguzo, simu ikaanguka. Safia kaingia ndani mbio, nasikia "Baba! Baba!", na dirisha likafungwa pu! usoni mwangu.

 Chini kwenye simu sauti inasema, "Nini kimetokea? Mbona naona makuti tu?"

Mie nimebaki na karata mkononi. Nilijua kile kikohozi ni nini. Maana yake, nina ree ya turufu, usiogope, tupa kubwa yako. Sasa fikiria. Nikisema, mwamuzi anasikia, kwa kanuni tumeharibu. Nikinyamaza, mchezo umekwisha kwa ugonjwa, labda chama kitatupa siku nyingine mie na Shaibu. Na Ukasha anabaki na dirisha lake limefungwa mpaka sijui lini.

Sikufikiri sana. Nikagonga dirisha.

"Safia! Fungua! Hicho sio kikohozi, hiyo ni ree ya shupaza!"

Dirisha likafunguka kidogo. "Unasema nini, ami?"

"Ni ishara! Ananiambia anayo ree. Mwambie aioneshe."

Mkono wa Ukasha ukatoka kwenye nondo, umeshika ree ya shupaza, inang'aa. Taratibu kama mtoto aliyekamatwa na sukari.

Safia akaitazama ree. Akamtazama baba yake. "Geuka," akamwambia. Akaweka sikio mgongoni kwake. "Vuta pumzi. Toa. Vuta tena." Sisi wote nje tunavuta pumzi naye, hata Taufiki huko barabarani.

"Mzima," akasema Safia. Halafu akawaka. "Watu wanakufa na gonjwa hili, nyie mnakohoa kwa sababu ya karata! Wazee wazima!"

"Nilisahau, mwanangu," Ukasha anasema. "Ile ree tamu."

Sabri keshaiokota simu. Bi Asmahani alikuwa amesikia kila kitu, mpaka hilo la ree tamu.

"Mzee Kombo."

"Naam, mwanangu."

"Hiyo ni ishara."

"Ni ishara."

"Unajua kanuni."

"Naijua. Tumeharibu. Waandike Sabri na Taufiki."

"Mie sitaki ushindi wa kukohoa," Sabri anasema, kanuna kweli.

"Hukuulizwa, Sabri," katibu anamjibu. "Nimewaamua Lindi mchana, walitaka kupigana ngumi mbele ya simu, barakoa usoni. Hapa kwenu ni peponi. Mafia ni Sabri na Taufiki, nimemaliza, wali wangu unaungua."

Sasa mie namtazama Ukasha, nadhani atasononeka. Tumekosa fainali, na kosa lake. Ukasha ameshika nondo kwa mikono miwili, mabega yanatikisika. Kumbe anacheka. Anacheka bila sauti, anaogopa asije akakohoa. Tukaanza kucheka wote, Sabri naye, Taufiki kaja kutafuta kiatu chake anacheka.

Safia hakucheka. Kasimama nyuma ya baba yake, mikono kiunoni.

"Ami Kombo, tulikubaliana nini?"

 Nilikuwa najua tulikubaliana nini.

"Nikisikia kikohozi hamrudi," akasema.  Alimtazama baba yake anavyojifuta machozi kwa barakoa. "Lakini ree sio kikohozi. Njooni kesho baada ya alasiri. Na jambo la kohokoho hapa dirishani kwangu sitaki kulisikia tena, mkiwa na ree mkae nayo rohoni."

Kesho yake tukaja. Na siku iliyofuata. Sabri na Taufiki wakasema wanahitaji mazoezi ya fainali, kwa hiyo ikawa kila siku pikipiki ya Taufiki inatoka Kilindoni kuja dirishani kwa Ukasha. Mize akawa analeta kahawa, vikombe vyetu mbalimbali. Fainali ya chama ilichezwa kwa simu, na vijana wetu walitaka waicheze pale pale upenuni, Ukasha awe nyuma yao. Bi Asmahani akakubali kwa sharti Ukasha asifungue mdomo. Walitolewa na Tanga, lakini walijitahidi. Chama hakikufa. Mpaka leo kipo.

Na Ukasha mwaka huo wote alicheza akiwa ndani, sisi nje. Tukicheza bila ishara hata moja, nikawa naharibu mno, na kila nikiharibu anagonga nondo kwa kijiko.

"Punda we! Saba umeitoa ya nini?"

"Nilidhani unayo ree."

"Nimekwambia ninayo?"

"Hukunambia."

"Basi mbona umeitoa?"

 Nagawa karata, Safia anazipangusa, anampa zake.