Fimbo ya Breki ya Tela

Sifaeli aliitoa ile fimbo kwa mikono yake mwenyewe, na asije mtu akakwambia kwamba hakujua kazi. Alijua fika! Tela la Anande lilikuwa na breki zake: likianza kulisukuma gari mteremkoni, fimbo ya mbele inarudi nyuma na kubana magurudumu ya tela. Shida ni kwamba ukirudi kinyumenyume mlimani, fimbo hiyo hiyo inabana vilevile, mpaka uizuie na kikomeo chake. Kikomeo kilikuwa kimekatika.

"Fundi, kesho nina harusi Olmotonyi," alisema Anande, ambaye alikuwa akikodisha maturubai na viti. "Kule kila nyumba tunaiingia kinyumenyume, na hili tela linagoma."

Kuchonga kikomeo kipya kungekula siku nzima. Sifaeli akaifungua fimbo, akaitupa nyuma ya karakana. Mzigo si viti vya plastiki tu?

"Tayari, Mama Princess," alimwambia Anande. "Nimerekebisha."

Nimerekebisha! Ulimi ule ungekatika siku ile, ingekuwa heri.

Wiki tatu hakuna aliyelalamika. Wiki ya nne ukatokea msiba, na huko msibani maji yalikuwa yamekatika. Melkizedeki, mume wa Anande, akaenda kuchota juu mlimani, tangi la lita elfu mbili kwenye tela, na Lucky, mdogo wake Anande, kitinda mimba wa kwao, akapanda nyuma ya pikapu kulishikilia bomba. Wakati wa kushuka Melkizedeki akakanyaga breki. Pikapu ikataka kusimama, tela likakataa, likaisukuma upande mpaka ikabingirika konani hadi korongoni. Lucky hakufika hospitali.

Watu wakasema Melkizedeki alikimbiza gari. Naye, maskini, akakubali: breki alikanyaga, gari halikusimama, basi atakuwa alikimbiza.

Sifaeli ndiye aliyeitwa kulikata lile tela litolewe korongoni. Mahali pa fimbo palikuwa wazi, kila mwenye macho angeona, ila hakuna aliyejua atazame wapi. Akawasha mashine, akakata, akanyamaza. Hata makaburini Melkizedeki alipomshika mkono na kumwambia, "Nisamehe, fundi, ulitengeneza vizuri, mimi nimeua mtu," Sifaeli alijibu kwamba ni mipango ya Mungu. Jamani! Mtu mzima, na akili zake timamu.

Alikaa na hilo jambo miezi mitano. Aliposikia Anande amemfukuza mumewe, na kwamba Melkizedeki anaishi kwa dada yake Usa River, roho ilimsuta, akapanda pikipiki mpaka Akheri. Alimkuta Anande uani kwake anakunja turubai. Hakukaa alipokaribishwa.

"Mama Princess, tela halikuwa na breki. Niliitoa fimbo nikakudanganya. Lile tangi lingemsukuma mumeo hata angekwenda mwendo wa kinyonga."

Anande aliliachia turubai. Hakupiga kelele kama Sifaeli alivyotegemea, na Sifaeli alitamani apige.

"Kwa hiyo hakukimbiza."

"Hakukimbiza. Naenda Usa River sasa hivi, nimwambie mwenyewe. Atarudi."

"Utamwambia nini, fundi? Siku ile ya kumfukuza nilisimama hapa mlangoni, watoto wote wanaangalia, nikamwita muuaji. Naye akaitika."